Zigi Hauna Kiburi: namna ya kuitia sanaa ndani ya somo lenyewe

Ngalawa zetu zilikuwa kumi na mbili, za maboksi ya biskuti, zimepakwa rangi, nyingine zina hata tanga la mfuko wa sukari. Somo lilikuwa kuelea na kuzama, darasa la tano. Vipindi vinne vya Sayansi nilivimaliza kwa kazi ile, na siku tulipozipanga barazani walimu wenzangu walipita wakizipiga picha kwa simu. Nikajiona mwalimu kwelikweli. Wiki iliyofuata nikauliza kwa maandishi: kwa nini msumari mdogo huzama na ngalawa nzima ya mbao huelea? Kati ya wanafunzi 71, waliojibu nikaridhika hawakufika kumi. Mmoja aliniandikia jambo alilojifunza kwa hakika, kwamba gundi ya unga wa muhogo ukiipika ikawa nzito hushika boksi kuliko gundi ya dukani.

Hakukosea hata kidogo. Vipindi vyote vinne alikuwa akifikiria gundi, basi kilichobaki kichwani ni gundi. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeipanga kazi.

Tangu hapo, juu kabisa ya andalio la somo naandika swali moja: mikono ikiwa kazini, akili itakuwa kwenye nini? Jibu likiwa rangi, mkasi, au nani avae baibui la bibi, naiacha kazi hiyo. Jibu likiwa mada yenyewe, naendelea. Haya ninayoyaeleza yote yamepita kwenye swali hilo, na nimeyajaribu katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanga mjini, upande wa Ngamiani, darasa la watoto sabini na ushei, dawati moja wanabanana watatu. Mtaala wa 2023 umetuwekea somo la Sanaa na Michezo, na nimelifurahia, ila hapa silizungumzii hilo. Nazungumzia sanaa ndani ya Sayansi, Jiografia, na popote pengine ambapo watoto huwa wanakodoa macho ubaoni huku wameshaondoka zamani.

Anza na shairi

Shairi naliweka mbele kwa sababu mbili. Kwanza halina gharama: karatasi moja kwa kundi, kalamu moja, basi. Pili, mtoto wa pwani hulijua kwa sikio kabla hajajua linaitwaje. Amelisikia harusini, madrasa amezisikia kasida, nyumbani kuna shangazi anayejibu kila neno kwa mafumbo. Huanzi sifuri.

Lakini siyo shairi la kupewa. Tunayo desturi mashuleni: mgeni rasmi anakuja, mwalimu anatunga ngonjera usiku, watoto wanaikariri siku tatu, wanaisema kwa sauti moja huku wakinyoosha mikono, makofi, soda. Mwalimu amefanya kazi ya ubunifu. Watoto wamebeba mzigo. Ngonjera yenyewe haina dhambi; mshairi Mathias Mnyampala alipoieneza baada ya Azimio la Arusha la 1967 alikuwa akiitumia kufundishia watu wazima siasa kwa majibizano, na majibizano ndiyo nguvu yake. Tatizo ni nani ametunga.

Mada ninayoipenda kuanzia ni mzunguko wa maji. Naomba uifundishe kwanza kama kawaida, kipindi kizima, na mchoro ubaoni. Usidanganyike kwamba mtoto atatunga juu ya kitu asichokijua. Atatunga, ndiyo, lakini utapata "maji ni uhai" beti sita.

Kipindi cha pili, dakika tano za mwanzo ni makofi. Kila silabi kofi moja. Sema "bahari", wapige matatu. Sema "mvua", na hapo ndipo darasa linapowaka: mawili au matatu? Waache wabishane kidogo. Ni matatu, m-vu-a, ile m inasimama peke yake. Ukishamaliza hapo weka sheria: mshororo una mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane ukwapi (nusu ya kwanza), nane utao (nusu ya pili); vina vya kati vifanane, vya mwisho vifanane; ubeti mmoja, mishororo minne. Halafu sheria ya tano, ambayo ndiyo somo: kila mshororo ubebe hatua moja ya mzunguko, kwa mpangilio wake. Maji kupanda, kupoa, kunyesha, kurudi. Hatua ikikosekana, ubeti umeanguka hata ukiwa mtamu kama kashata.

Makundi ya watu sita. Dakika ishirini. Mwalimu usikae.

Kazi yako sasa ni kupita na neno moja tu mdomoni: "Kweli?" Usiseme "vizuri", usiseme "hapana". Kundi moja lilinisomea hivi:

Mvuke ukishachoka, waanguka duniani.

Hesabu mwenyewe. Nane kwa nane, timamu kabisa. Na sayansi yake imepinda. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha madaftari sikuwahi kugundua kwamba kuna watoto wanaamini mvuke hupanda hadi ukachoka ukadondoka kama mtu aliyekwea mnazi akaishiwa nguvu. Kwenye daftari huandika tu yaliyo ubaoni, nami natia tiki. Kwenye shairi ilibidi waseme wanachokiona vichwani mwao. Nikawauliza: "Kweli? Mmeona wapi maji yakichoka?" Kimya. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, kwenye mfuniko wa sufuria ya wali maji huganda pale chini yakadondoka." Yamechoka? "Hapana, mfuniko una baridi." Basi nikaondoka, nikawaachia.

Walirudi na ubeti huu, na nimewaomba ruhusa kuuweka hapa:

Jua lachoma bahari, mvuke wenda hewani,
Baridi ikishamiri, wawa tone mawinguni,
Mvua yaja tayari, yanyesha Usambarani,
Zigi hauna kiburi, washuka tu baharini.

Mshororo wa nne uliwasumbua kwa sababu walihitaji njia ya maji kurudi yenye kina cha -ri. Mto Zigi unatoka milima ya Usambara Mashariki, na maji ya bomba tunayoyanywa mjini yanatoka kwenye mto huo, bwawa la Mabayani. Watoto walikuwa wanaijua Mabayani kwa jina kama wanavyojua jina la kituo cha daladala. Siku ile wakaiunganisha: upepo wa bahari unagonga milima, unapandishwa juu, unapoa, mvua inashuka, mto unaileta hadi kwenye ndoo zetu. Na kwamba mto "hauna kiburi", umetoka juu kote kule na bado unashuka, hilo walilitoa wenyewe. Mimi nisingelipata.

Halafu likaja swali ambalo halikuwa kwenye andalio langu. Kijana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huniona mimi kama ukuta: "Mwalimu, kama mvua imetoka baharini, mbona haina chumvi?" Sikumjibu mimi. Tuna watoto ambao wazazi wao wamefanya kazi mashamba ya chumvi. Wao ndio waliomjibu, kwamba maji huondoka na jua na chumvi hubaki ardhini, ndiyo maana huikwangua. Dakika saba zilipotea hapo. Zikapotee kila wiki.

Kuhusu kusoma mbele ya darasa: makundi kumi na mawili hayawezi kusoma yote kwa kipindi cha dakika arobaini. Soma manne. Mengine yabadilishane karatasi, kila kundi litafute kosa moja la mizani na kosa moja la sayansi katika ubeti wa wenzao. Watoto huwindana kwa furaha ambayo wewe na kalamu yako nyekundu hamtaipata. Ukitia alama, ukweli kwanza, mizani baadaye. Kundi lililofikisha kumi na tano badala ya kumi na sita lakini hatua zote zipo, lipe.

Darasa likishazoea, geuza iwe ngonjera ya kweli, ya kubishana. Bahari na Mlima wagombane nani analeta mvua. Nusu ya darasa upande huu, nusu ule, na kila ubeti lazima ujibu hoja ya ubeti uliotangulia. Wakipayuka tu bila kujibu, warudie.

Kwa nini hili linafanya kazi? Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili, Norman Slamecka na Peter Graf, walionyesha jambo dogo lenye uzito: mtu akipewa neno pamoja na herufi ya kwanza ya mwenzake, akalikamilisha mwenyewe, hulikumbuka kuliko aliyepewa maneno yote mawili ayasome tu. Kutafuta neno lenye silabi tatu linaloishia na -ri na lenye maana ya kweli ni kazi hiyo hiyo, ila ngumu zaidi na yenye kelele.

Kanga ya karatasi

Kila mtoto wa hapa amekaa juu ya kanga, amebebwa kwa kanga, amefutwa kamasi kwa kanga. Anajua kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina. Hajui kwamba huo ni muhtasari wa mada.

Mada iwe mikoko. Wape karatasi ya manila, nusu kwa kila kundi, na penseli tu. Rangi baadaye kama muda upo, na kwa kawaida haupo. (Nakumbusha gundi.) Mji uchorwe jambo kuu moja. Pindo lichorwe vitu vinavyolizunguka jambo hilo, vinavyojirudia. Jina lisizidi maneno matano.

Ugomvi wote uko kwenye mji, nao ndio uliokuleta. Kundi moja lilichora mti wa mkoko, kama nilivyotarajia. Lingine likachora gunia la mkaa katikati na mikoko midogo pembeni. Nikauliza kwa nini. "Kwa sababu mkaa na boriti ndivyo vinavyoimaliza." Kundi la tatu likaweka kaa na samaki wadogo kati ya mizizi, wakidai kwamba bila mizizi ile samaki hawana pa kulelea watoto. Makundi matatu, majibu matatu, na yote yanatetewa kwa yaliyofundishwa. Hapo mwalimu anakaa kitako kidogo.

Kwa jina ninayo sheria moja kali: jina ambalo mtu asiyehudhuria kipindi angeweza kuliandika, halihesabiwi. "Tunza mazingira" linakwenda zake. "Mti ni uhai" nalo lifuate. Walilalamika. Wakarudi na "Mizizi yangu ndiyo ukuta wako", yaani mkoko unamwambia mwenye nyumba ya pwani kwamba ndio unaozuia mawimbi yasile ardhi yake. Maneno matano. Kundi la mkaa likatoa "Ukinikata, samaki watakukimbia." Hilo nusura nilipeleke kiwandani.

Kanga hizi zitundike ukutani kwa wiki mbili, siyo kwa mapambo. Mada inayofuata ikianza, funika majina kwa karatasi uulize: kanga hii inaitwaje, na kwa nini inaitwa hivyo?

Tonge la wali

Mchezo wa kuigiza huwa nauogopa, nami nitasema kwa nini. Watoto watano wachangamfu huigiza, sitini na sita huwatazama na kucheka. Ukiangalia kwa mbali darasa limechangamka. Ukikaribia, walioshiriki ni watano.

Ule unaonifaa ni mmeng'enyo wa chakula, na nimeujenga hivi. Tonge ni mpira wa makaratasi uliobandikwa vipande vitatu vyenye maandishi: wanga, protini, mafuta. Mabenchi yapange njia kutoka mlangoni hadi ubaoni: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Kila kituo kina watoto kadhaa, siyo mmoja. Hakuna mtu kuongea chochote ila mambo mawili: nimepokea nini, nimefanya nini. Mdomo unaanza kuchana karatasi ya wanga kwa sababu mate yanaanza na wanga. Umio unasukuma tu, na wale wa umio husukuma kwa bidii inayotisha. Tumbo linaanza kuichana protini. Utumbo mwembamba unamalizia vyote, ini likileta nyongo kwa ajili ya mafuta. Vipande vidogo wanakabidhiwa "damu", ambao ni watoto ishirini wanaozunguka darasa wakivipeleka madawatini. Utumbo mpana unafyonza maji. Kijana aliyekuwa utumbo mpana alinung'unika kwamba kazi yake haina maana. Nikamwambia asubiri hadi siku atakayoharisha ndipo aulize tena. Darasa zima likaelewa bila mimi kuongeza neno.

Rudia mara tatu kwa kubadilisha vituo. Mara ya tatu ficha kitu: mwondoe ini kimyakimya, tonge lipite. Nani atagundua karatasi ya mafuta imetoka ilivyoingia? Mara nyingi anayegundua ni yule asiyenyoosha mkono kamwe. Kwetu alikuwa msichana mwenye kigugumizi, ambaye kwenye kujibu maswali ya mdomo nilikuwa namruka kwa kumhurumia, na sasa naona huruma ile ilikuwa inamfungia nje. Alinyanyua tu karatasi ya mafuta juu, nzima, akawaonyesha.

Kuchora kwa haraka

Hili ni jepesi kiasi kwamba nalifanya karibu kila siku. Mwisho wa kipindi, neno moja gumu la siku hiyo, kila mtu alichore kwa sekunde thelathini nyuma ya daftari. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwapa watu maneno, mengine wayaandike, mengine wayachore. Waliyoyachora waliyakumbuka zaidi, na ubaya wa mchoro haukuharibu kitu. Waambie watoto hivyo, hasa wale wanaosema "mimi sijui kuchora". Usitie alama.

Mambo yatakayokukwaza

Kelele. Mwambie mwalimu wa darasa la jirani mapema, siku moja kabla, siyo wakati anakuja mlangoni amekasirika. Mimi hupanga kazi hizi baada ya uji, wakati ambapo darasa lolote halikai kimya hata hivyo.

Mwalimu mkuu na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wanataka kuona andalio na umahiri mahususi. Waonyeshe. Ubeti wa mzunguko wa maji unaingia kwenye andalio vizuri kabisa: shughuli ya mwanafunzi, kigezo cha upimaji, muda. Ukiandika "wanafunzi wataimba" utaulizwa maswali, na ni haki yao kuuliza.

Muda ndio unaouma. Sifanyi haya kila mada, silabasi haingeisha. Huchagua mbili au tatu kwa muhula, zile ambazo mwaka uliotangulia watoto walizikosea sana. Nyingine nafundisha kwa chaki, maelezo na mazoezi, na wanafaulu. Jedwali la kuzidisha halitaki shairi, linataka kurudiwa. Mtoto wa darasa la kwanza anayehangaika kuunganisha silabi naye usimpe kazi ya kanga, mpe silabi.

Na kila kazi ya sanaa ifuatwe, siku mbili tatu baadaye, na swali la madaftari yamefungwa, kila mtu peke yake, bila kundi la kujificha nyuma yake. Kwa mzunguko wa maji swali langu lilikuwa: eleza maji ya bomba la shule yalivyotoka baharini hadi hapa. Safari hii niliorodhesha wasioweza badala ya wanaoweza, maana walikuwa wachache. Tisa. Hao niliwaita chini ya mwembe wakati wa mapumziko na sufuria yenye mfuniko.

Sehemu, zile za hesabu, nusu na robo na theluthi, bado zinanishinda. Nilijaribu kwa mapigo ya ngoma, wakabaki na ngoma. Nikajaribu kwa mkate wa sinia, nimeupika mwenyewe usiku, niukate mbele yao: nusu, nusu ya nusu, theluthi. Nilipogeuka kuandika ubaoni, robo mbili hazikuwepo, na hakuna aliyeweza kuniambia zilizobaki ni ngapi, kwa kuwa waliojua walikuwa wanatafuna. Mwalimu mwenye njia aniambie. Unga bado upo.